Angalia asili kwanza: hesabu za petabesheni kwa jozi za kwaki nzito

Likizo za chuo zikianza, barazani kwangu hapa Chumbageni, Tanga, hawakosekani vijana wawili watatu na madaftari yao. Safari hii alikuja mmoja na karatasi nane zilizojaa pande zote mbili. "Shikamoo mwalimu. Namba zimekataa." Marahaba, zimekataa wapi? Alikuwa anatafuta tungamo la chembe mbili za familia ya Bc, zile zenye kwaki ya botomu na antikwaki ya chamu (kwaki ni chembe za msingi zinazojenga protoni na wenzake; botomu na chamu ni aina zake mbili nzito). Alitarajia zisogee kwa MeV chache (MeV ni kipimo cha nishati, nacho ndicho tunachopimia tungamo la chembe). Hesabu yake ilisema moja imepanda kwa MeV 320 na nyingine imeshuka kwa kiasi hichohicho.

Sikusoma karatasi nane. Nilitafuta sehemu moja tu, nikatazama chini ya mstari wake. Kiasi, yaani namba ya juu, kilikuwa 64. Asili, yaani namba ya chini, ilikuwa 0.2.

Haya yafuatayo ndiyo niliyomwandikia, nikayapanua kidogo kwa wengine. Nachukulia kwamba mlinganyo wa Schrödinger umeshauona na matriki ya 2 kwa 2 haikutishi. Kikokotoo cha kawaida kinatosha kwa karibu kila kitu.

Mfumo wenyewe

Novemba 1974 maabara mbili za Marekani, SLAC kule California na Brookhaven kule New York, zilitangaza chembe ileile. Kundi moja liliiita ψ, jingine J, na hakuna aliyekubali kuacha jina lake, ndiyo maana mpaka leo inaandikwa J/ψ. Burton Richter na Samuel Ting walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Ndani ya chembe hiyo mna kwaki ya chamu na antikwaki yake zikizungukana, na tungamo lake ni MeV 3097. Mwaka 1977 kundi la Leon Lederman kule Fermilab likapata ndugu mzito zaidi, Υ, ya kwaki ya botomu, MeV 9460. Bc, iliyochanganya botomu na chamu, ilisubiri hadi 1998.

Raha ya jozi hizi ni kwamba kwaki zake ni nzito, kwa hiyo hazikimbii sana. Kipeo cha pili cha mwendo, ukikipima kwa ule wa mwanga, ni kama 0.3 kwa chamu na 0.1 kwa botomu. Ndiyo maana tunathubutu kuanza na Schrödinger kisha kuongeza masahihisho madogo. Kuongeza masahihisho madogo juu ya hesabu tuliyokwisha kuimaliza ndiyo petabesheni. Hakuna uchawi mwingine.

Hatua ya 1: gawa Hamiltoni, lakini gawa vizuri

Andika H = H0 + H'. H0 ni ile unayoweza kuipatia jibu kamili, hata kama ni kwa kompyuta. H' ni kile kidogo kilichobaki.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa kwa mara ya kwanza. Potenshali inayotumika sana ni ile ya kundi la Cornell la miaka ya 1970:

V(r) = −κ/r + σr

ambapo κ = 0.52 na σ ni karibu 0.18 GeV² (GeV moja ni MeV 1000). Kipande cha kwanza kinafanana na cha haidrojeni. Cha pili ni kama kamba: kadiri unavyozitenga kwaki ndivyo inavyozidi kukugharimu. Kwa kuwa haidrojeni tumeifundishwa darasani, mtu anashawishika kuichukua −κ/r peke yake kuwa H0 na kuitupa σr ndani ya H'. Usifanye hivyo. Piga hesabu ya haraka: vipande hivi viwili vinalingana kwa ukubwa pale r inapofika femtometa 0.33. Kwenye femtometa 0.5, na huo ndio umbali wa kawaida wa jozi hizi, kamba inatoa karibu GeV 0.46 na kipande cha haidrojeni GeV 0.2 tu. Kitu kinachomzidi mwenye nyumba hakiitwi mgeni.

Basi potenshali yote ya Cornell iingie H0. Tafuta majibu yake kwa programu yoyote inayotatua mlinganyo wa r kwa vipande vidogo vidogo. Sitakaa hapo, mifano imejaa kila mahali. Kinachobaki kwa ajili ya H' ni mambo ya spini: spini ya kwaki dhidi ya spini ya mwenzake, spini dhidi ya mzunguko, na nguvu ya tensa. Ukitaka kujua udogo wake, J/ψ na η_c (nayo ni jozi ya chamu na antichamu) zinatofautiana kwa upande wa spini tu, na pengo lao ni MeV 113. Kwenye chembe ya MeV 3000 na ushei, huo ni mchango mdogo wa kuridhisha.

Hatua ya 2: andika vyeti vya kila hali kabla ya namba

Kila hali ina L (mzunguko), S (spini ya jumla) na J (jumla ya yote). Kwa kwaki na antikwaki yake mwenyewe, pariti (alama ya kugeuza pande kama kwenye kioo) ni P = (−1)^(L+1), na alama ya kugeuza chaji ni C = (−1)^(L+S). Ziandike zote pembeni mwa kila hali kwa kalamu nyekundu. Hali mbili zenye J, P au C tofauti haziwezi kuchanganywa na nguvu kali, hata ziwe zimebanana kama abiria wa daladala la saa moja asubuhi.

Nasisitiza hili kwa sababu ya kisa. Mwaka jana binti mmoja alikesha siku mbili akizichanganya h_c na χ_c1, hali mbili za jozi ya chamu. Ukitazama tungamo unaona kwa nini: h_c ni MeV 3525.4, χ_c1 ni 3510.7, zimeachana kwa MeV 15 tu. Zote zina L = 1 na J = 1, na P ni chanya kwa zote. Lakini h_c ina S = 0 na χ_c1 ina S = 1, kwa hiyo C ya kwanza ni hasi na ya pili ni chanya. Kiungo kati yao ni sifuri, tena sifuri kamili. Ukaribu peke yake haufanyi ndoa.

Na kwa kuwa tumeshazitaja, fanya zoezi hili, ni tamu na linachukua dakika moja. Ndugu watatu wa χ_c wana MeV 3414.7, 3510.7 na 3556.2, kwa J = 0, 1 na 2. Tafuta wastani wao, lakini kila mmoja mpe uzito wa 2J + 1, yaani 1, 3 na 5:

(1 × 3414.7 + 3 × 3510.7 + 5 × 3556.2) ÷ 9 = 3525.3

Linganisha na h_c. Hilo si bahati. Kwenye mpangilio wa kwanza wa petabesheni, mchango wa spini kwa mzunguko na ule wa tensa unajifuta ukishaweka uzito huo, na mchango wa spini kwa spini ni wa kugusana, unafanya kazi pale r = 0 tu, mahali ambapo wimbi la L = 1 halifiki. Kijana akiniambia petabesheni ni nadharia ya makadirio tu, humpa kazi hii aifanye palepale, chai yake isipoe.

Hatua ya 3: pima uwiano

Sasa ndio tunafika kwenye asili. Mpangilio wa kwanza wa petabesheni hauna shida: unachukua wastani wa H' ndani ya hali husika, basi. Mpangilio wa pili ndio huu:

nishati inayoongezeka = jumla ya w² ÷ Δ

w ni kiungo cha H' kati ya hali yako na nyingine, Δ ni tofauti ya nishati zao katika H0, ikiwa na alama yake. Kila hali nyingine inatoa sehemu yake moja. Hali ikiwa mbali, Δ ni kubwa, sehemu ni ndogo, maisha yanaendelea. Hali ikiwa karibu, Δ inakaribia sifuri na sehemu inalipuka. Lakini kilicholipuka ni kanuni. Chembe zenyewe zimetulia tu kama bahari ya Raskazone alfajiri.

Kabla ya kujumlisha chochote, andika w/Δ kwa kila jozi yenye vyeti sawa. Kipimo changu ni hiki, na ni changu kwa uzoefu, hakikuandikwa popote: chini ya 0.1, endelea kwa njia ya kawaida. Juu ya 0.3, usiiguse. Katikati, fanya kwa njia zote mbili ulinganishe. Kijana wetu alikuwa na w = 8 na Δ = 0.2. Uwiano ni 40. Alipaswa kusimama hapo, kwenye ukurasa wa pili.

Hatua ya 4: zitoe mbili hizo, zitatue kikamilifu

Hali mbili zikikaribiana kiasi hicho mimi naziita hali pacha. Dawa ni kuacha kujifanya kwamba moja ni mwenyeji na nyingine msumbufu. Zichukue zote mbili kwa pamoja, uandike matriki:

E1   w
w   E2

kisha tafuta thamani zake pekee (eigenvalues). Jibu linajulikana:

E = (E1 + E2)/2 ± √[(Δ/2)² + w²]

na pembe ya mchanganyiko inatoka kwenye tan 2θ = 2w/Δ. Pembe hiyo inakwambia kila hali mpya ina kiasi gani cha kila hali ya zamani: cos²θ ya mwenyewe na sin²θ ya pacha wake.

Tuirudie kazi ya kijana. Nusu ya 0.2 ni 0.1; mraba wake 0.01, ongeza 64, kipeuo cha pili ni 8.0006. Kwa hiyo moja imepanda na nyingine imeshuka kwa takriban MeV 8, na pengo lao jipya ni MeV 16. Zile 320 hazikuwahi kuwepo. Ukiipeleka Δ hadi sifuri kabisa, kanuni ya zamani inatoa jibu lisilo na mwisho, matriki inatoa pengo la 2w na θ ya nyuzi 45, nusu kwa nusu.

Jaribu na Δ = 6, w = 8 ileile. Matriki: √(9 + 64) = 8.54, pengo ni MeV 17.1, θ ni karibu nyuzi 35. Njia ya kawaida: 64/6 = 10.7 kila upande, pengo ni 27.3. Hapa hakuna mlipuko wa kukushtua, namba inaonekana ya heshima kabisa, na bado imekosea kwa MeV 10. Mimi kosa hili naliogopa kuliko lile la 320, kwa sababu 320 inapiga kelele yenyewe.

(Namba 6 na 8 nimezichagua kwa ajili ya mazoezi, msije mkaninukuu.)

Kwa nini Bc ina kiungo hiki na chamu haina? Kwa sababu botomu na antichamu si kwaki na antikwaki yake. Ukigeuza chaji unapata chembe nyingine, hivyo cheti cha C hakipo tena. Hali mbili za L = 1, J = 1, ile ya S = 0 na ile ya S = 1, sasa zina vyeti sawa. Kinachoziunganisha ni kipande cha spini kwa mzunguko kinachotegemea (1/m1² − 1/m2²): tungamo zikilingana kinakuwa sifuri chenyewe, zikitofautiana kinaamka. Na ukiichukua kwaki moja kuwa nzito bila kikomo, pembe ya mchanganyiko inatulia kwenye nyuzi 35.3, ambayo ni tan θ = 1/√2. Hakuna namba ya modeli ndani yake; inatokana na jinsi mizunguko na spini zinavyojumlishwa tu. Ukimaliza hesabu za Bc na pembe yako iko mbali sana na hiyo, si lazima uwe umekosea, maana chamu si nyepesi hivyo, ila rudi ukague.

Jaribio la chupa

Nina mazoea ya kuwatoa watu nje wakifika hapa. Tanga kamba ya katani haikosekani, hata dukani kwa mangi utaipata. Ifunge kati ya nguzo mbili za baraza, iache ilegee kidogo. Chukua chupa mbili za maji za nusu lita, zijaze sawasawa, uzining'inize kwenye kamba hiyo kwa nyuzi za urefu uleule, zikiachana kama pima ya mkono mmoja. Tulizeni upepo, au subirini magharibi.

Sukuma chupa moja kwa kwenda mbele na nyuma. Baada ya mizunguko kadhaa itaanza kupoa, na ya pili, ambayo hakuna aliyeigusa, itaanza kubembea. Itafika mahali ya kwanza inasimama kabisa. Kisha mchezo unarudi nyuma. Hizo ni hali pacha: Δ ni sifuri, w ni ule ulegevu wa kamba, na kila kitu kinahama.

Sasa fupisha uzi wa chupa moja kwa shubiri. Sukuma ya kwanza tena. Ya pili itatikisika kidogo na kuacha. Kiasi kikubwa kabisa cha nishati kinachoweza kuhama ni sin² 2θ: kwa nyuzi 45 ni chote, kwa nyuzi 12 ni kama asilimia 16. Kaza kamba, w inapungua, na uhamaji unachukua muda mrefu zaidi. Mtoto wa jirani aliyekuwa akitazama aliuliza kama chupa zinaongea. Sikuwa na jibu bora zaidi ya hilo.

(Chembe zenyewe hazibembei hivi mbele ya macho. Zinazalishwa zikiwa tayari kwenye mchanganyiko wake. Chupa ni za kukufanya uamini ile pembe.)

Hatua ya 5: rudi nyuma kutoka kwenye vipimo

Mara nyingi hujui E1, E2 wala w. Unachojua ni kile maabara ilichopima. Mfano mzuri ni ψ(2S), yenye MeV 3686.1, na ψ(3770), ambayo tungamo lake ni 3773.7. Ya kwanza ni hasa L = 0 katika mtikisiko wake wa pili, ya pili ni hasa L = 2. Zote zina cheti kimoja, J = 1, P hasi, C hasi, kwa hiyo zinaruhusiwa kuchanganyika.

Ushahidi kwamba zimechanganyika hautoki kwenye tungamo. Unatoka kwenye kuoza kwenda jozi ya elektroni na pozitroni. Kuoza huko kunahitaji kwaki zikutane mahali pamoja, r = 0, na wimbi la L = 2 pale ni sifuri. Ilitakiwa ψ(3770) iwe karibu bubu. Lakini upana wake wa kuoza kwa njia hiyo (yaani kasi ya kuoza ikiandikwa kama nishati; keV ni sehemu ya elfu ya MeV) ni kama keV 0.26, dhidi ya 2.3 za ψ(2S). Mahali fulani imeazima wimbi la L = 0.

Ukidhani yote imetoka kwenye kuazima, tan²θ ingekuwa karibu 0.11 na θ nyuzi 18 hivi. L = 2 yenyewe ina mchango mdogo kupitia mkunjo wa wimbi lake karibu na kitovu, na mchango huo ukiingizwa pembe inashuka hadi takriban nyuzi 12. Kwa kuwa mlinganyo ni wa mraba, kuna jibu la pili, nyuzi −27. Huwa nafuata lile la 12 kwa sababu ndilo linalokubaliana vizuri zaidi na modeli zinazohesabu njia za kuoza, lakini andika yote mawili kwenye daftari.

Sasa rudi nyuma. Pengo lililopimwa ni 87.6. Basi:

w = (87.6/2) × sin 24° = 17.8
Δ = 87.6 × cos 24° = 80.0

Kabla ya kuchanganyika zilikuwa kwenye 3689.9 na 3769.9. Kila moja imesogea kwa MeV 3.8 tu! Uwiano w/Δ ni 0.22, katikati ya kipimo changu, na njia ya kawaida inatoa 17.8²/80 = 3.96. Si mbaya hata kidogo.

Tazama lakini kilichotokea. Kwa upande wa tungamo, mchanganyiko huu haustahili hata kutajwa: MeV 4 kwenye 3700. Kwa upande wa wimbi, ψ(3770) ina asilimia 4 tu ya L = 0. Na asilimia 4 hiyo ndiyo sehemu kubwa ya sababu ya chembe hiyo kuonekana kwenye mashine za elektroni na pozitroni. Anayekagua tungamo peke yake ataandika "mchanganyiko hauna maana" na kufunga daftari.

Hatua ya 6: kagua, kisha ongeza waliobaki

Ukaguzi wa kwanza: jumla haibadiliki. 3689.9 + 3769.9 = 7459.8, na 3686.1 + 3773.7 = 7459.8. Isipolingana, umekosea hesabu za darasa la saba.

Wa pili: pengo halipungui kamwe kwa kuchanganyika hali mbili. Likipungua, tafuta alama ya kujumlisha uliyoipoteza.

Wa tatu ndio unaosahaulika. Ukishazitatua pacha, rudi kwenye jumla ya w² ÷ Δ kwa hali zote za mbali, lakini pacha muondoe kwenye orodha. Ameshahesabiwa. Ukimwacha unamlipa mara mbili. Na viungo vya hali za mbali vipige kutokea kwenye mawimbi mapya yaliyochanganyika. Ukitumia ya zamani umeharibu kazi yote ya Hatua ya 4.

Na usiweke tungamo lililopimwa mahali pa E1 na E2, maana lililopimwa tayari lina mchanganyiko ndani yake.

Pale kizingiti kinapoingia

Kuna jirani ambaye si hali moja. Mezoni (chembe za kwaki moja na antikwaki moja) mbili za D0, zenye chamu na mwenzake mwepesi, kwa pamoja zina MeV 3729.7. Hicho ndicho kizingiti, na juu ya hapo ψ(3770) inaweza kuvunjika na kuwa jozi ya D, jambo ambalo hulifanya mara nyingi. Juu ya kizingiti hakuna hali moja yenye Δ moja, kuna mfululizo usiokatika. Jumla ya sehemu inageuka kuwa intigrali, na nishati inapata kipande cha kufikirika ambacho ndicho kinachotoa upana. Sehemu ya ile w ya 17.8 huenda inapitia njia hizi pia, pamoja na nguvu ya tensa.

Kizingiti kikiwa mbali, w² ÷ Δ bado inakusogeza vizuri. Kikiwa karibu kupita kiasi, hata matriki haitoshi. Mfano wa kutisha ni X(3872), iliyopatikana na jaribio la Belle kule Japani mwaka 2003. Tungamo lake liko ndani ya sehemu ya kumi moja au mbili za MeV kutoka kizingiti cha D0 na antimezoni ya D*0, ndugu mzito zaidi wa D0. Chukua kwamba iko chini yake kwa MeV 0.1: mezoni hizo mbili zingekuwa zinaachana kwa zaidi ya femtometa 10, mara ishirini ya ukubwa wa J/ψ. Hapo daftari la 2 kwa 2 lifungwe, ukatafute mbinu za mtawanyiko wa mawimbi.

Kijana alirudi Jumapili na karatasi mbili badala ya nane. Pengo lake jipya lilikuwa MeV 16.0, jumla zake zililingana, pembe ilikuwa karibu nyuzi 45. Ila pacha alikuwa bado yumo kwenye jumla ya Hatua ya 6. Nimemrudishia.